Programu ya Kutuma Vifurushi Isipoelewana na Hifadhidata: Dalili, Visababishi na Utatuzi

Mwongozo huu unahusu kompyuta ya meza ya kufungashia, ile yenye mzani upande mmoja na printa ya lebo upande wa pili, pale programu ya kutuma vifurushi kama UPS WorldShip au FedEx Ship Manager inapounganishwa na hifadhidata ya biashara ili mfungashaji asilazimike kuandika jina na anwani ya mteja kwa mkono. Kazi ikienda sawa, mfungashaji anaskani msimbopau wa karatasi ya oda, programu inavuta anwani kutoka kwenye hifadhidata, mzani unatoa uzito, lebo inachapwa, kisha namba ya ufuatiliaji inarudi kuandikwa kwenye oda ileile. Mifano yangu mingi ni ya Marekani, kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi hii, na hifadhidata ninayoizungumzia zaidi ni Microsoft SQL Server inayofikiwa kwa njia ya ODBC, yaani daraja la kawaida la Windows linalounganisha programu na hifadhidata. Hata hivyo, dalili nyingi ni zilezile popote pale.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua kwanza ni hatua ipi iliyokwama: je, ni kuifikia hifadhidata, ni kuipata oda, ni kusoma yaliyomo, au ni kurudisha majibu? Chukua oda moja tu unayoifahamu, andika kwenye karatasi namba yake, anwani yake na uzito wake kama vilivyo katika hifadhidata, kisha uifuate oda hiyo hatua kwa hatua hadi uone mahali inapopotelea au kubadilika. Nimeshuhudia programu ikiondolewa na kusakinishwa upya mara tatu kwa sababu ya kosa lililokuwa ndani ya safu (column) moja ya jedwali, na siku nzima wafungashaji wakilaumiwa kwa jambo ambalo hawakuwa na uwezo nalo.

Programu haiioni hifadhidata kabisa

Ujumbe wa kosa wenye msimbo IM002 unamaanisha kwamba programu imekitafuta chanzo cha data (mpangilio wa ODBC unaoeleza hifadhidata iko wapi) kwa jina ililopewa na haikukipata. Mara nyingi chanzo hicho kipo, ila kimewekwa mahali ambapo programu haiangalii. Chanzo kilichoundwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja huonekana kwake peke yake, kwa hiyo fundi aliyekiunda akiwa ndani ya akaunti yake atakijaribu na kukikuta kinafanya kazi, kisha mfungashaji wa zamu ya asubuhi atafungua kompyuta kwa akaunti yake mwenyewe na asikione. Kwa meza inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja, unda chanzo cha mfumo mzima, si cha mtumiaji.

Kisababishi cha pili ni tofauti ya biti, yaani programu kuwa ya biti 32 au ya biti 64. Windows ya biti 64 ina vidirisha viwili vya kusimamia ODBC, na majina ya folda zake huwapotosha hata wazoefu, kwani kidirisha cha biti 64 kiko C:\Windows\System32\odbcad32.exe, ilhali kile cha biti 32 kiko C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Programu ya biti 32 husoma vyanzo vya mfumo vilivyoundwa katika kidirisha cha biti 32 pekee, na huhitaji kiendeshi (programu ndogo inayozungumza na hifadhidata) cha biti 32 pia. Usikisie programu yako ni ya aina gani. Ifungue, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya kina ya programu zinazoendelea, kisha uongeze safu inayoonyesha biti za kila moja. Ukiona msimbo IM014 badala ya IM002, hapo huna haja hata ya kuchunguza, kwa sababu msimbo huo unasema waziwazi kwamba kiendeshi na programu vina biti tofauti.

Iwapo chanzo kinaonekana lakini muunganisho unakatika baada ya kusubiri kwa sekunde kadhaa, basi tatizo liko njiani kuelekea kwenye seva. Jaribu kuunganisha ukiwa kwenye seva yenyewe. Ikiwa huko inakubali na mezani inakataa, tazama kwanza kama itifaki ya TCP/IP imewashwa katika mipangilio ya SQL Server, kwa maana toleo la Express husakinishwa ikiwa imezimwa. Kisha tazama kinga ya mtandao (firewall) ya Windows: SQL Server ya kawaida husikiliza kwenye mlango (port) 1433, lakini iliyosakinishwa kwa jina lake maalumu kwa kawaida huchagua mlango wowote inapowaka, na kompyuta ya mezani huuliza mlango huo kupitia mlango 1434 wa itifaki ya UDP. Ni afadhali kuipangia seva mlango mmoja usiobadilika na kuuandika mlango huo katika chanzo cha data, kuliko kufungua milango mingi na kutumaini.

Seva ikijibu kwa kosa 18456, furahi kidogo, kwa kuwa umeifikia. Kilichokataliwa ni akaunti. Ujumbe unaofika mezani hauelezi sababu, na hilo ni la makusudi kwa ajili ya usalama. Sababu yenyewe imeandikwa katika kumbukumbu za seva, pamoja na namba ya hali: 5 ni mtumiaji asiyekuwepo, 8 ni nywila isiyo sahihi, 7 ni akaunti iliyozimwa, na 58 ni seva iliyowekwa kukubali akaunti za Windows tu huku programu ikiingia kwa akaunti ya SQL Server. Mwombe msimamizi wa seva akusomee mstari huo, na utaokoa saa nzima ya kubahatisha nywila.

Lipo pia tatizo linalojitokeza baada ya kuboresha kiendeshi bila kingine chochote kubadilika. Kiendeshi cha ODBC cha SQL Server toleo la 18, lililotoka mwaka 2022, hudai mawasiliano yaliyosimbwa bila kuulizwa, na kama cheti cha seva kilitengenezwa na seva yenyewe, muunganisho hukataliwa kwa madai kwamba cheti hakiaminiki. Dawa yake ni kuiwekea seva cheti halali. Kuna kisanduku cha kuiambia kompyuta iamini cheti chochote, nacho kitakuvusha siku ya dharura, lakini kisiachwe hivyo, kwa kuwa kinaondoa ulinzi ambao kiendeshi kipya kililetwa kuutoa.

Muunganisho ni mzima, lakini oda haipatikani

Hapa mfungashaji anaskani, programu inajibu kwamba hakuna rekodi, na karani wa mauzo anaapa kwamba oda ipo na anaiona kwenye skrini yake. Wote wawili wanasema kweli. Fungua programu rahisi ya kuandikia, kama Notepad, weka kishale humo, kisha skani karatasi ileile. Utakachokiona ndicho hasa kinachotumwa. Skana nyingi za USB hujifanya kibodi, kwa hiyo kila kilichopangwa ndani yake hufuatana na namba: herufi ya mwanzo iliyoongezwa na aliyeipanga, kitufe cha Tab badala ya Enter, au nafasi tupu mwishoni. Katika kompyuta zenye mpangilio wa kibodi ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi, skana iliyopangiwa kibodi ya Marekani itatoa alama kama & na é mahali pa tarakimu. Ukiona hivyo, hifadhidata haina kosa lolote, na unachotakiwa kubadilisha ni lugha ya kibodi ndani ya skana, kwa kuskani msimbopau maalumu uliomo katika kijitabu chake.

Ikiwa namba inatoka safi, linganisha aina ya data. Oda iliyohifadhiwa kama maandishi 000123 si sawa na 123, na kiungo kilichopangwa kusoma namba kitazitupa sifuri za mwanzo kabla hata ya kuuliza. Ufunguo wa oda unafaa kuwa maandishi pande zote mbili, hata kama una tarakimu tupu, kwa sababu hakuna anayejumlisha namba za oda. Nafasi tupu mwishoni nazo zina hadithi yake: SQL Server huzipuuza inapolinganisha kwa alama ya usawa, lakini si kila hifadhidata hufanya hivyo, kwa hiyo mpangilio uliofanya kazi kwa miaka unaweza kuvunjika siku biashara inapohamia hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo pia hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Hatimaye, kagua mwonekano (view) ambao programu inausoma, yaani orodha iliyochujwa kutoka kwenye majedwali ya hifadhidata. Mara nyingi aliyeujenga ameweka sharti kwamba oda zionekane tu zikiwa zimelipiwa, au zikiwa katika hali ya kuwa tayari kutumwa. Oda inayokosekana huwa imekwama katika hali ya awali, na kumbe programu inatii kile ilichoambiwa.

Oda inapatikana, lakini yaliyomo yameharibika

Msimbo wa posta ndio unaoumia zaidi. Marekani hutumia tarakimu tano, na majimbo ya New England pamoja na New Jersey yana misimbo inayoanza na sifuri, kwa mfano 02108 wa Boston au 07102 wa Newark. Safu ikiwa ya namba, au faili ikiwa imepitia Excel kabla ya kuingizwa, 07102 inakuwa 7102 na programu inakataa anwani. Dalili yake huonekana upesi ukijua pa kutazama: oda za California na Texas zinapita, za Newark na Boston pekee ndizo zinazogoma. Kwa muda unaweza kurekebisha ndani ya mwonekano kwa kuandika RIGHT('00000' + CAST(msimbo AS varchar(5)), 5), ilimradi msimbo ni wa tarakimu tano. Lakini marekebisho ya kweli ni kubadilisha safu iwe ya maandishi, kisha kuzirekebisha rekodi za zamani.

Anwani ndefu ni tatizo la kimyakimya. Mstari mmoja wa anwani kwenye UPS hubeba herufi 35, na kinachozidi kinaweza kukatwa. Kinachokatwa huwa ni mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ndipo watu wanapoandika namba ya nyumba ndani ya jengo. Lebo hutoka ikiwa nzuri kabisa, dereva hulifikia jengo lenye milango arobaini, na kifurushi hurudi. Andika ulizo (query) linalotafuta anwani zote zenye zaidi ya herufi 35 kabla hazijafika mezani, na uwape wauzaji sehemu mbili tofauti za kujazia, moja ya mtaa na nyingine ya namba ya nyumba.

Uzito nao huleta lawama kutoka kwa mhasibu badala ya mteja, na hivyo huchelewa kugunduliwa. Ukiona bili ya usafirishaji inazidi makadirio kwa takribani mara mbili, au iko chini ya nusu kidogo, shuku kilo na pauni, kwa kuwa pauni moja ni kilo 0.45359237. Tofauti ndogo zaidi zina chanzo kingine: 2.5 katika hifadhidata ni pauni 2 na nusu, yaani pauni 2 na aunsi 8, lakini kiungo kinachogawa namba kwenye nukta kitasoma pauni 2 na aunsi 5. Na pale Windows inapotumia mkato kutenga desimali, kama ilivyo katika mpangilio wa Kifaransa, thamani 2.5 inaweza kukataliwa au kusomwa 25. Tarehe zina mgogoro huohuo. 03/04/2025 ni tarehe 4 Machi kwa Mmarekani na tarehe 3 Aprili kwetu, na hata 2025-04-03 inaweza kugeuzwa na SQL Server kwenye safu ya aina ya datetime ikiwa lugha ya akaunti ni Kiingereza cha Uingereza. Mtindo usio na utata ni 20250403, bila vistari.

Lebo inachapwa, lakini namba ya ufuatiliaji hairudi

Hili ndilo tatizo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu mezani hakuna anayeliona. Kifurushi kimefungwa, kimeondoka, na mfungashaji ameendelea na kingine. Siku mbili baadaye mteja anapiga simu kuuliza mzigo wake, mhudumu anafungua oda na kuona nafasi tupu, kisha anamwambia mteja kwamba bado haujatumwa.

Anza na wakati wa kurudisha. Programu hizi zinaweza kupangwa kuandika majibu mara tu lebo inapochapwa, au yote kwa pamoja siku inapofungwa. Kama imepangwa kuandika wakati wa kufunga siku na zamu ya jioni imeondoka bila kufunga, hakuna kosa lolote litakaloonyeshwa, ila majibu hayatafika. Kwa biashara yenye huduma kwa wateja ninapendekeza kuandika kila lebo inapotoka.

Kisha angalia ruhusa. Akaunti iliyotosha kusoma oda si lazima iwe na haki ya kuandika, na watu wengi hujaribu muunganisho kwa kusoma tu, wakaridhika. Ipe akaunti ya meza haki ya kuongeza na kubadilisha rekodi katika jedwali moja la kupokelea majibu, na usiipe haki ya kubadilisha jedwali la oda lenyewe.

Jedwali hilo la kupokelea linastahili maelezo zaidi, kwani ndilo linaloamua kama mfumo utadumu. Waunganishaji wengi huandika namba ya ufuatiliaji moja kwa moja kwenye safu iliyoko katika rekodi ya oda. Inafanya kazi hadi siku oda moja inapotoka katika maboksi matatu, ambapo namba ya pili inaifuta ya kwanza na ya tatu inaifuta ya pili. Aliyejaribu kuepuka hilo kwa kuunda jedwali la pembeni na kuifanya namba ya oda kuwa ufunguo msingi naye hukutana na msimbo 23000 kwenye boksi la pili, kwa sababu ufunguo haukubali kurudiwa. Jedwali linalofaa lina ufunguo wake lenyewe, na ndani yake mna namba ya oda, namba ya ufuatiliaji, uzito, gharama, saa ya kuchapwa na alama ya kama lebo imebatilishwa. Mfumo wa biashara usome kutoka humo kwa wakati wake. Faida yake kubwa ni kwamba hitilafu ya upande wa biashara haizuii lebo kuchapwa, na majibu yanabaki yamehifadhiwa hadi hitilafu itengenezwe.

Ikiwa namba inarudi lakini haifunguki kwenye tovuti ya kampuni ya usafirishaji, linganisha tarakimu moja baada ya nyingine na lebo iliyochapwa. Namba za UPS zinazoanza na 1Z zina herufi 18 na huhifadhiwa kama maandishi bila shida kwa kuwa zina Z ndani yake. Zile za tarakimu tupu ndizo zinazoumia. Chukua namba ya kubuni ya tarakimu 22 kwa mtindo wa posta ya Marekani, 9400123456789012345678. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo itakurudishia 9400123456789010000000, na tarakimu zilizopotea hazirudi kwa kubadilisha mwonekano wa seli. Namba za FedEx za tarakimu 12 hazipotei ndani ya Excel, ila huonyeshwa kwa mtindo wa kisayansi, na faili likihifadhiwa kama CSV katika hali hiyo, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana. Safu ya hifadhidata ya aina ya float (namba za desimali za kukadiria) huleta madhara yaleyale hata bila Excel kupita hapo. Msimbo 22001 nao unamaanisha kwamba safu ni ya maandishi lakini ni fupi; ipe nafasi ya herufi 40 na usifikirie tena jambo hilo.

Programu inaganda baadhi ya saa

Kama kuganda kunatokea kila siku saa ileile, tafuta ripoti au kazi ya kuhifadhi nakala inayoendeshwa wakati huo. Katika SQL Server, msomaji anaweza kumsubiri mwandishi ambaye hajamaliza, na karani mmoja aliyefungua oda kwa kuihariri kisha akaenda kula chakula cha mchana anaweza kuisimamisha meza nzima. Msimamizi anaweza kuwasha READ_COMMITTED_SNAPSHOT ili wasomaji wasome nakala ya mwisho iliyokamilika badala ya kungoja; jambo hilo lifanyike baada ya kazi, maana linahitaji hifadhidata iachwe bila watumiaji wengine kwa dakika chache. Kwa wanaotumia faili la Access lililo kwenye folda ya pamoja, angalia kama faili dogo la laccdb, linaloonyesha kwamba hifadhidata imefunguliwa, limebaki pembeni yake ilhali hakuna aliyeifungua. Likibaki hivyo, kuna kompyuta iliyozimika kabla ya kufunga vizuri.

Lebo mbili kwa oda moja

Lebo hujirudia pale kundi la oda linapovutwa mara mbili. Printa imekwama katikati, mfungashaji ameanza upya, na zile zilizokwisha kuchapwa zimechapwa tena. Au meza mbili zimesoma mwonekano uleule kwa wakati mmoja. Kumwambia mfungashaji awe makini hakutoshi. Mwonekano wenyewe uzifiche oda zenye rekodi hai katika jedwali la kupokelea, na panapokuwa na meza zaidi ya moja, kila oda ipangiwe meza yake kabla ya kuvutwa.

Lebo iliyobatilishwa ni upande wa pili wa jambo hilihili. Mfungashaji amekosea huduma, amebatilisha lebo na kuchapa nyingine, lakini mpangilio haukuagizwa kurudisha taarifa za ubatilishaji, kwa hiyo hifadhidata ina namba mbili na mteja ametumiwa ile ya kwanza, ambayo haitasogea kamwe. Hakikisha alama ya ubatilishaji inarudi na inaibadilisha rekodi iliyopo badala ya kuongeza mpya. Kisha weka ulizo linaloorodhesha kila oda ambayo idadi ya lebo zake hai hailingani na idadi ya maboksi yake, nalo liendeshwe alasiri, kabla gari la kukusanya mizigo halijafika, maana lebo ya ziada ikigunduliwa saa hiyo, boksi bado liko sakafuni na lebo inaweza kubatilishwa papo hapo.